Mzee Shindilia, Aliyeua Beringi kwa Mapenzi

Ndiyo maana nasema hakuna mtu aliyezipenda beringi za kiwanda hiki kuliko yeye, na hakuna aliyeziua nyingi kama yeye. Mliokuwa mkinibishia asubuhi kwenye chumba cha chai endeleeni kubisha. Mimi ndiye mtunza stoo: zilipita mikononi mwangu zikienda, mpya, zimefungwa kwenye karatasi kama peremende, na nikaziona zikirudi maiti.

Ijumaa hii, tarehe kumi na mbili, Mzee Shindilia, mkuu wa karakana yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Aliingia hapa kiwanda cha unga kikiwa na kinu kimoja na paa linalovuja, naye akiwa kijana mwembamba wa kufagia vumbi. Anakiacha kiwanda kikiwa na vinu vitatu, paa bado linavuja, na yeye mwenyewe hapiti tena kwenye kile kimlango cha nyuma ya lifti ya nafaka bila kuvuta tumbo ndani.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, walisema wakubwa, mdomo wangu bado una asali. Ni kweli. Nimeolewa juzi juzi tu, na fundi wa karakana hiyohiyo ya Mzee, na mtu akiwa na furaha kama yangu hata vumbi la kinu analiona kama poda. Lakini asali si sababu ya kusema uongo. Nitasema mazuri ya Mzee yote, na yale mengine pia.

Kwanza niwasaidie wenzetu wa ofisi ya mauzo, ambao hawavuki ule mlango wa nyuma kwa kuogopa kuchafua viatu. Beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi zimepangwa kama wanafunzi mstarini. Pete ya ndani inaikumbatia shafti inayozunguka, ya nje imetulia kwenye kiti chake, na gololi zinaviringika katikati. Kuviringika ndiyo kazi yao yote duniani. Grisi inakaa kati ya chuma na chuma kama shuka jepesi, ili vilaliane bila kuchubuana. Kinachotakiwa ni grisi kidogo. Hilo neno "kidogo", Mzee Shindilia alilisikia utotoni, akaona halimfai.

Jina lake la kuzaliwa liko kwenye faili, na huko ndiko linakokaa. Sisi tulimwita Shindilia kwa sababu ya ile mizunguko yake ya asubuhi. Alitoka karakana na pampu ya grisi begani kama askari, akaipitia mashine moja baada ya nyingine, akapampu mpaka grisi itoke pembeni. "Beringi ikitema ndiyo imeshiba," aliwafundisha mafundi wote waliopita chini yake. Alizilisha kama bibi anavyomlisha mjukuu aliyekuja likizo: hakuna kusema basi, hakuna kufunga mdomo. Ukimwambia, "Mzee, hii ulishaitia juzi," anakujibu, "Na wewe ulikula juzi. Leo hukula?"

Na rangi hakuzibagua. Siku za mwanzo wa kazi yangu alikuja kaunta akaomba grisi. Nikamwambia ya njano imekwisha, imebaki ya buluu, na kopo lake limeandikwa isichanganywe na nyingine.

"Grisi ni grisi, mama. Ng'ombe huwa anachagua rangi ya majani?"

"Lakini Mzee, kopo linasema..."

"Kopo halijawahi kushika spana."

Akaenda nayo. Ile ya njano na ile ya buluu zilipokutana ndani ya beringi zikagombana, zikawa uji, zikachuruzika ubavuni mwa mashine mpaka chini. Beringi iliyoshiba asubuhi ikawa imekwama ifikapo jioni. Mzee akaitoa, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaitundika kwenye msumari kwenye ukuta wa karakana, akasimama mbele yake kofia mkononi. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila iliyokufa, miaka yote, na ukuta huo ndio tunaouita Makaburini. Kisha hutoa hukumu, nayo haikuwahi kubadilika: "Beringi za siku hizi! Za zamani zilikuwa zinamzika mwenye kiwanda."

Msidhani mapenzi hayo yaliishia kwenye mashine. Kuna siku alikihurumia kitasa cha chumba cha mikutano, akakishindilia. Mkurugenzi akakishika ili atoke na wageni wake, kitasa kikazunguka na kuzunguka kwenye kiganja chake kama samaki, mlango usifunguke. Wakakaa humo mpaka seremala alipokuja na bisibisi. Mgeni mmoja aliondoka na alama ya kiganja kwenye suti, na sijui kama alirudi kununua unga.

Sasa mazuri, maana yapo, na si ya kutafuta kwa tochi. Mkanda wa lifti ya nafaka ulipokatika, mpakiaji mmoja alikuwa amesimama chini yake akifunga kamba ya kiatu. Mzee alimrukia, akamsukuma kama gunia, na yule mpakiaji leo ana watoto watatu. Mzee alivunjika kidole, nacho kimepinda mpaka kesho. Hajawahi kukisema. Sisi ndio tunaokisema. Tena spana za karakana yake hazikuwahi kupotea hata moja, na hakuna fundi aliyefukuzwa kazi yeye akiwa mkuu, hata yule aliyestahili. Aliwasimamia wote kama kuku na vifaranga. Kwa hiyo mtaelewa balaa la mwaka jana lilivyomkata maini.

Balaa lenyewe ni lile feni kubwa linalonyonya vumbi kutoka vinu vyote vitatu. Feni likisimama, vinu vyote vinasimama, kwa sababu vumbi la unga likijaa hewani linahitaji cheche moja tu kulipuka, na hapo hatuzungumzi tena habari za kustaafu. Beringi ya feni hilo ikawa inakufa mfululizo. Mzee akaongeza grisi. Ikafa upesi zaidi. Mzee akafikiri, akakuna kidevu, akaja stoo na wazo ambalo, naapa, lisingeweza kuzaliwa kwenye karakana nyingine yoyote: aliagiza beringi kubwa. Namaanisha kubwa ya kubeba behewa la treni. Akachongesha shafti ivae bushi nene, yaani bomba la chuma la kuinenepesha, akabadilisha kiti chake chote, akaipachika ile tembo ya beringi kwenye feni ambalo watu wawili wanaliinua. "Mwili mkubwa haufi haraka," akasema, akaishindilia mpaka ikatema.

Ikafa haraka kuliko zote. Makaburini ilibidi watafute msumari mnene.

Ndipo meneja alipokuja mwenyewe karakana, na yeye si mtu wa kuja. Alisimama mlangoni asikanyage mafuta. "Mzee, nakuheshimu kama baba yangu mzazi," alisema. "Lakini feni hili likisimama tena kwa ajili ya beringi kabla hatujamaliza kusaga mavuno, karakana naifunga. Kuna kampuni ya nje italeta mafundi wake. Sina njia nyingine." Mzee alikuwa mwaka wake wa mwisho, yeye angeondoka na mafao yake. Waliobaki nyuma walikuwa mafundi sita, mmoja wao mchumba wangu, na harusi yetu ilikuwa imeshatangazwa kwa ndugu wote. Shangazi yangu akaniita pembeni. "Mwanangu, ahirisha. Mapenzi hayachemshi maji." Nikamjibu, "Shangazi, tutayanywa hivyohivyo." Nilisema kwa ujasiri, nikaenda kulia stoo nyuma ya magunia.

Mchumba wangu yeye hakulia. Alichukua ile beringi ya tembo akaikata kwa msumeno, akaiosha, akaja nayo kaunta kwangu imefungwa kwenye leso yake. Wengine huletewa maua. Mimi nililetewa nusu ya beringi, na sijaona zawadi nzuri kama ile. Alikuwa ametoka kwenye semina ya wiki moja kwa wauza beringi, na tangu arudi uchumba wetu ulikuwa umejaa gololi. Akaisogeza kwenye taa, akanionyesha njia ya gololi, pale panapotakiwa kung'aa kama kioo. Palikuwa pamefifia, pana mikwaruzo ya kijivu, kama pamelambwa na ulimi wa paka.

"Hizi hazikuviringika," akasema. "Ziliteleza."

Kesho yake akaipeleka mbele ya Mzee, mafundi wote wamesimama, nami nikiwa mlangoni na boksi la nati ambalo hakuna aliyeliagiza.

"Ziliteleza?" Mzee akauliza. "Kwani zilikuwa zimelewa?"

"Mzee, beringi ilikuwa kubwa mno. Feni ni jepesi, halizikandamizi gololi. Gololi isipokandamizwa haishiki njia, inaburuzwa tu. Chuma kinasugua chuma, ngozi inachubuka."

"Na zile ndogo za mwanzo? Nazo zilikuwa kubwa?"

"Zile tulizijaza mno. Grisi ikijaa mpaka mdomoni, gololi zinakuwa kama mtu anayekimbia kwenye tope. Zinaikoroga, joto linapanda, mafuta yanakuwa maji, na ule utando wa katikati unachanika. Yanabaki mambo yaleyale: chuma kwa chuma."

"Sema usikike, kijana. Unataka kusema mimi ndiye niliyeua."

Lori la mavuno lilikuwa likiunguruma nyuma ya ukuta, tukawa wote tunalisikiliza kama redio. Hatimaye mchomeaji wetu, ambaye kunyamaza kwake ni ugonjwa, akasema, "Mzee, si kuua. Ulishibisha."

Karakana nzima ikapasuka kwa kicheko. Mzee hakucheka. "Wiki moja ya semina na mkate wa bure," akasema, "leo mtoto anamfundisha babu yake kukohoa." Akatoka nje, akasimama kwenye kivuli cha tangi, mgongo kwetu. Nilimwona akikitazama kile kidole chake kilichopinda. Aliporudi uso ulikuwa uleule, lakini sauti imeshuka.

"Haya. Tufanyeje?"

"Turudishe beringi ya saizi yake. Grisi ya aina moja, tujaze theluthi ya nafasi tu. Halafu Mzee..." Mchumba wangu aliitupia jicho pampu ya grisi. "Halafu usiiguse."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

Fikirini. Mtu aliyeinuka na pampu begani kila asubuhi tangu baadhi yetu hatujazaliwa, anaambiwa na kijana ambaye bado hajaoa: usiiguse. Mzee akavua kofia, akaivaa, akaivua. "Ikifa," akasema, "msumari wake utaugonga wewe." Ndiyo ilikuwa ruhusa.

Beringi ndogo ikaingia, feni likawashwa, na kabla ya saa ya chakula kiti chake kikawa cha moto. Mume wangu (niachieni nilirudie neno hili: mume wangu) alikuwa ameshasema kwamba grisi mpya huwa inahangaika kwanza ikitafuta mahali pa kukaa, joto linapanda, kisha linashuka lenyewe. Kusema ni rahisi. Mzee aliweka kiganja pale, akakiondoa haraka. "Inaungua hii!" akapiga kelele. "Mtoto ana homa, mnaniambia nisimpe maji?" Pampu ilikuwa tayari mkononi, na mdomo wake umeshashika tundu la grisi. Ingetosha abonyeze mara mbili. Mavuno yalikuwa yanaendelea kushushwa kwenye malori nje, meneja amesimama dirishani kwake juu, na kazi za watu sita zilikuwa zimekaa chini ya dole gumba moja.

"Mzee, nakuomba," alisema mume wangu.

Mzee alisimama. Jasho lilimtoka kwenye masikio. Kisha akageuka, akamtupia mchomeaji pampu. "Shika hii. Nikikuomba, usinipe. Hata nikikutukana, usinipe."

Na akamtukana! Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya feni, akamwomba pampu kwa upole, kwa ukali, kwa ajili ya Mungu, kisha akaanza matusi. Alianza na pua ya mchomeaji, akapanda kwa mjomba wake, akashuka kwenye ulehemu wake, ambao alisema haushiki hata kibandiko. Matusi mengine yalikuwa mapya kabisa kwetu. Mchomeaji aliikumbatia pampu kama mtoto mchanga, akajibu kila mara, "Ndiyo Mzee, ahsante Mzee." Kila baada ya muda Mzee alinyoosha kiganja, akagusa, akatukana, akakaa. Halafu akagusa, asitukane. Akaacha kiganja palepale. Tukamwona mabega yakishuka.

"Homa imepungua," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Feni lilinguruma mavuno yote. Halikusimama mpaka gunia la mwisho lilipopita, na hapo lilizimwa kwa mkono, kwa heshima. Meneja akashuka tena karakana, safari hii akakanyaga mafuta, akasema mafundi wabaki. Akauliza siri ilikuwa nini. Mzee Shindilia, mbele yetu sote, jicho kavu, akamjibu: "Nimekuwa nikiwaambia hawa vijana miaka yote. Grisi ni kidogo kidogo." Mume wangu akatazama dari. Mchomeaji akapatwa na kikohozi ikabidi atolewe nje.

Sikumsamehe hilo mara moja. Nilikuwa nimejiandaa kumchoma nalo humu kwa kurasa mbili. Lakini siku ile jioni alikuja kaunta kwangu kurudisha makopo ya grisi yaliyobaki, ya kila rangi, akayapanga mwenyewe juu ya rafu. Hakunitazama.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukizitoa," akasema. "Zile za ukutani. Ngapi zingekuwa bado zinafanya kazi?"

Ningeweza kumpoza. Wote mnajua mdomo wangu. "Nyingi, Mzee," nikasema.

"Nyingi," akarudia. Akatikisa kichwa, akafuta kaunta yangu kwa mkono wa shati lake, ingawa haikuwa chafu, akaenda zake. Tangu siku hiyo ile mizunguko ya asubuhi anaifanya mikono mitupu. Anagusa kila mashine kwa kiganja, anasikiliza, anapita. Na hatujatundika kitu.

Harusini kwetu alikaa meza ya wazee, akapewa kipaza sauti, jambo ambalo lilikuwa kosa letu. Alisema kwa kirefu kwamba ndoa inaharibika kwa kushindiliwa, kwamba mtu aachiwe nafasi ya kuzunguka. Ukumbi wote ukampigia makofi, hasa wasiomfahamu. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama, aliinama juu ya sahani yake akicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. Nami nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimpigia makofi kuliko wote, na hata sasa nikikumbuka natabasamu peke yangu stoo.

Mzee wetu, karakana ipo kwa sababu ulijua kupampu maisha yako yote, na saa moja ulipotakiwa usipampu, ukaweza. Simjui mtu mwingine wa umri wako aliyeweza jambo gumu kama hilo, wala sitajifanya lilikuwa dogo kwa sababu lilituchekesha. Mafundi sita wanakushukuru, wake zao wanakushukuru, na mmoja wa wake hao anakushukuru kuliko wote. Kiwanda kinakutakia siku ndefu zenye afya, usingizi wa mchana, na mlo wa kukushibisha wewe mwenyewe. Uishi kwa raha, Mzee, na uishi na Mama kwa amani.

Hiyo amani ina kazi kidogo. Mama alinipigia simu jana. "Mwanangu," alisema, "Jumamosi huyu anaanza kukaa nyumbani kutwa nzima, na mimi nina cherehani." Nimemwambia asihofu. Kabla mwezi huu haujaisha tutafika, mimi na mume wangu, tuisikilize hiyo cherehani, tunywe chai, tukae mpaka mtuchoke. Tukibisha hodi utufungulie wewe mwenyewe, Mzee, na tutakushika mikono yote miwili kwanza, tuone kama ni mikavu.